Kimombo chako si kibovu, hukuelezwa tu

Hebu tuanze na mtego. Mgeni Mzungu anakuuliza, "You haven't eaten?" Unajibu vipi? Kama ulikulia mtaani kama mimi, unasema "Yes", ukimaanisha ndiyo, sijala. Yeye anadhani umeshiba. Unalala njaa.

Kwa Kiswahili hukukosea popote. Mtu akisema "Hujala?" nawe ujibu "Ndiyo", umekubaliana na alichosema. Kiingereza hakijali amesema nini, kinaangalia tumbo lako: kama hujala, jibu ni "No". Basi. Sentensi mbili tu za maelezo. Mimi nilizipata nikiwa na miaka 21, nikiwa nimeshaacha chuo.

Miaka minane ya msingi na minne ya sekondari nilifunzwa Kiingereza, na sikumbuki hata mwalimu mmoja aliyenieleza kwa nini nakosea. Walinieleza tu kwamba nimekosea. Msingi nilivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kuongea Sheng. Chuoni mhadhiri alinirudishia insha mara tatu ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Poor English". Sisemi ndiyo sababu nilitoka, karo nayo ilikuwa na hadithi yake. Lakini mara ya tatu niliikunja ile karatasi nikajiambia hii maneno si ya watu kama sisi.

Ndiyo maana nasema hivi, na wanaotaka kukasirika wakasirike: mengi ya makosa tunayochekewa si ujinga. Ni Kiswahili kikifanya kazi yake vizuri mahali pasipo pake.

Chukua "a" na "the", ugonjwa wa taifa. Tunaziacha, ama tunazitupa popote kama chumvi. Ati Kiswahili hakina kitu kama hicho. Kwani? Sikiliza: "Nimeona kitabu." Kitabu gani? Chochote, hatukijui. Sasa: "Nimekiona kitabu." Aha, kile tulichokuwa tukikitafuta. Hiyo "ki" ndogo katikati ya kitenzi imefanya kazi ya "the". Ama hadithi za nyanya: "Palikuwa na mzee mmoja. Yule mzee..." Mara ya kwanza ni "mmoja", mara ya pili ni "yule". Mara ya kwanza "a", mara ya pili "the". Haifanyi kazi kila mahali, kwa mfano ukitaja watu kitenzi chetu hupenda kubeba kiambishi hata kama mtu hajulikani. Lakini inatosha kukutoa gizani. Ulikuwa na kanuni hiyo kichwani tangu ukiwa na miaka mitatu, na mtu akakulipisha karo bila kukuonyesha.

Kuna "discuss about" pia. Sisi tuna "zungumza kuhusu" na "zungumzia". Huyu wa pili ameshameza "kuhusu" tumboni. "Discuss" ni "zungumzia", ndiyo maana hataki "about" nyuma yake. Na "borrow me your pen" inatoka wapi? Kwetu "azima" huenda pande zote mbili: naazima kwako, nawe waniazima. Kiingereza kimegawanya barabara hiyo, anayechukua ana "borrow", anayetoa ana "lend". Kuhusu "he" na "she" kuchanganyana, sitasema mengi. Lugha yenye "yeye" mmoja haina hatia.

Tuje kwa fasihi, maana huko ndiko tulikokariri hadi tukatoa jasho. Simile, metaphor, irony, flashback. Ukiamshwa usiku wa manane unaorodhesha zote, halafu unaulizwa mbinu hiyo imefanya nini kwenye shairi unaandika "it makes the poem interesting". Acha. Hilo jibu linatosha shairi lolote duniani, kwa hivyo halisemi kitu.

Jaribu na mwenye ploti wako. Ukisema "ni kama kupe", hiyo ni tashbihi, na bado umemwachia ubinadamu wake: ni mtu, anafanana tu na mdudu. Ukisema "ni kupe", hiyo ni sitiari, umemvua utu kabisa. Na kwa nini kupe, si simba? Kupe hanyonyi kwa kishindo, unamgundua ameshashiba. Umeona? Hiyo ndiyo "analysis" wanayoitaka. Makanga akikwambia gari ni tupu ilhali umebeba goti la mtu kifuani, hicho ni kinaya, na unajua kabisa kinafanya nini kwa sababu kimekufanya ucheke badala ya kushuka. Jina la mbinu ni mlango tu. Kazi iko ndani.

Mpangilio wa insha nao ndio huwavunja wengi moyo mwaka wa kwanza, na kusema kweli ndio rahisi kuliko yote. MLA ni ya watu wa fasihi: ukinukuu, unaweka jina la mwandishi na ukurasa. APA ni ya saikolojia, elimu na jamaa zao: unaweka jina na mwaka. Kwa nini? Mtu wa fasihi anabishania maneno yenyewe, anataka kuyaona yalipo. Wa saikolojia anataka kujua utafiti ni wa juzi ama wa enzi za babu. Yaliyobaki ni adabu za mezani: pambizo za inchi moja, mistari iachane mara mbili, orodha ya vitabu mwishoni kwa alfabeti. Jioni moja inatosha. Asikutishe mtu na hizo.

Haya yote niliyajuaje? Si kwa njia ya kujivunia. Nilitoka chuo nikaingia ile biashara mnayoijua, ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Ulikuwa udanganyifu, tuuite kwa jina lake, na Uingereza ilipitisha sheria ya kuiharamisha mwaka 2022. Lakini mteja aliyelipa dola zake hakuniandikia "Poor English". Alirudisha kazi akitaka nirekebishe "the" hii na ile, na kama sikuelewa sababu, kesho nilikosea tena na malipo yakakatwa. Njaa ilinifunza sarufi ambayo shule haikunifunza. Mwisho wa mwaka huohuo ChatGPT ikaja, na kazi zikaanza kukauka.

Sasa nyinyi mnaipa hiyo ChatGPT insha na kuiambia "fix my grammar". Inarekebisha, unawasilisha, wiki ijayo kosa ni lilelile. Ni kalamu nyekundu tu, hii ina heshima zaidi. Iulize kwa nini. Muulize pia mwalimu kwa nini, hata akikunja uso.

Ile insha yangu bado ninayo. Juzi niliikunjua nikaisoma na kalamu mkononi. Ukurasa wa kwanza pekee ulikosa "the" 14, na "discuss about" zilikuwa tatu. Hoja yenyewe sikubadilisha hata neno.