Almasi ya Zamani Haipimwi kwa Jicho la Leo



Wiki iliyopita, baada ya laasiri, walinijia dada wawili na kaka yao, warithi wa mama aliyetangulia mbele ya haki. Mengi katika mirathi yao yalikuwa mepesi. Uzito ulikuwa kwenye pete moja yenye jiwe la almasi, ambayo nyanya yao aliletewa na mumewe, baharia, kutoka Bombay. Sonara mmoja alikwisha kuitazama akasema: "Jiwe limekatwa vibaya, halina mng'ao. Nitawalipa thamani ya dhahabu na nyongeza kidogo, kisha nilikate upya." Kaka alitaka iuzwe siku ile ile. Dada mkubwa alikuwa akilia.

Niliwaomba wangoje. Mimi si sonara, lakini nimesoma kidogo habari za vito, na neno hilo "vibaya" lilihitaji kuulizwa: vibaya kwa kipimo cha nani?

Almasi ni ngumu mno, hata kwa karne nyingi ilikatwa kwa vumbi la almasi yenyewe. Kuanzia karne ya 16, mafundi wa Ulaya waliikata kwa mtindo wa waridi: chini bapa, juu kama kuba lenye nyuso ndogo za pembe tatu. Katika karne za 18 na 19 ukaenea mkato uitwao wa migodi ya kale, kwa kunasibishwa na migodi ya India na Brazil iliyotangulia ile ya Afrika Kusini. Jiwe la mkato huo ni la mraba wenye pembe zilizolainishwa, mfano wa mto wa kulalia. Limeinuka juu, uso wake wa kati ni mdogo, na ncha yake ya chini imekatwa, hata ukilitazama kwa juu waona kiduara katikati. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine zikarahisisha kuliviringa jiwe, ukastawi mkato wa kale wa Ulaya, ambao ni wa duara.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za vipimo vya kuipa almasi ya duara mng'ao mkubwa. Mkato wa kisasa umejengwa juu ya hesabu kama hizo, na hiyo ndiyo mizani aliyoishika sonara yule.

Lakini mafundi wa kale walikata kwa mkono na jicho, na vito vyao vilivaliwa usiku kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta. Badala ya vimeta vingi vidogo, jiwe la zamani hutoa miale mipana, ya taratibu, yenye rangi. Chini ya taa kali ya dukani huenda likaonekana limezubaa. Kwenye mwanga mdogo huamka. Wakusanyaji wa vito hulipendea hilo, na hupenda pia kwamba hakuna mawili yanayolingana sawasawa, kwa kuwa kila moja limebeba alama ya mkono wa fundi wake.

Tazameni yaliyoifika Koh-i-Noor. Ilipoonyeshwa London mwaka 1851, watazamaji walilalamika kwamba haing'ai. Mwaka uliofuata ikakatwa upya, ikashuka kutoka karati 191 hivi hadi 105.6. Karati moja ni gramu 0.2, basi gramu 17 hivi za jiwe lile ziligeuka vumbi, na umbo lake la kale likapotea lisirudi tena. Kilichokatwa hakiungwi.

Kwa hiyo, enyi mama zangu na dada zangu, mkiwa na kito cha wazee, msikiuze wala kukikata upya kwa kauli ya mtu mmoja, hasa akiwa yeye ndiye mnunuzi. Hakikisheni kwanza kwa mtaalamu kwamba ni almasi kweli, kisha mpate tathmini ya maandishi yenye uzito na aina ya mkato. Kipigeni picha kabla ya kumwachia fundi. Na mnunuzi naye awe macho, kwani leo wako wanaokata mawe mapya kwa mtindo wa zamani.

Ama wale ndugu watatu, niliwaambia kwamba pete ni haki ya warithi wote. Machozi ya dada hayampi pete bure, na haraka ya kaka haihalalishi kuwapunja wenzake. Ithaminiwe kwanza; kisha anayeitaka aihesabu katika fungu lake, na ikizidi fungu hilo, awalipe wenziwe kilichozidi.

Kabla hawajaondoka, magharibi ilikwisha ingia. Tulizima taa, tukawasha mshumaa. Mshumaa si ushahidi, kwani hata kioo humeta. Lakini jiwe lile lilitoa miale mipana ya rangi ukutani, na kaka akaigeuza pete vidoleni mwake kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akamrudishia dada yake aihifadhi hadi siku ya tathmini.

Wabillahi tawfiq.