Tairi ya 29: Unanunua ya Barabara Yako ama ya Picha?

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi baiskeli za gurudumu la 29. Siku hizi ziko kila mahali. Jumapili asubuhi simama kando ya Limuru Road uone vile mbogi zinapanda, moja baada ya nyingine, na baiskeli kibao zimevaa tairi zenye meno makubwa kama ya trekta. Sauti peke yake utadhani nyuki wanahama. Na hao wote wako kwa lami.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu watanuna: wengi wetu tunanunua tairi ya picha. Inakaa noma kwa TikTok, lakini barabara tunayopita kila siku haijaiomba. Na hapa siongei urembo tu. Tairi ndiyo kitu pekee cha baiskeli yako kinachogusa ardhi, na sehemu inayoshika chini kwa kila gurudumu haishindi kiganja chako. Ukiwa umebanwa kati ya matatu mbili kwa mvua ya Aprili, hicho kiganja ndicho kinaamua kama utafika nyumbani.

Sina noma na 29 yenyewe. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingezama ndani, na sisi mashimo tunayo ya kutosha. Tairi ya kwanza ya maana ya saizi hii, Nanoraptor ya WTB, ilitoka 1999, na kuna watu walicheka. Mwaka wa 2012, kwa Olimpiki za London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu ya baiskeli za milimani akiwa juu ya 29. Alimpita Nino Schurter wa Uswisi, aliyekuwa juu ya 27.5, hapo hapo mwishoni. Kicheko kikaisha. Lakini angalia tairi za watu wa mbio hizo, hutaona meno ya trekta. Wanavaa tairi nyepesi zenye meno mafupi, na wanapita kwa mawe na mizizi ambayo wewe na mimi tungeshuka tusukume. Sasa wewe wa Ngong Road unataka meno marefu ya nini?

Kabla hatujaingia kwa kampuni, jifunze kusoma ubavu wa tairi. Hapa ndipo watu wanapoteza doo. Utaona imeandikwa kitu kama 29x2.25, halafu pembeni, kwa maandishi madogo, 57-622. Hiyo ya pili ndiyo haidanganyi. 57 ni upana wa tairi kwa milimita, na 622 ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokalia. Baiskeli za 26 ni 559. Za 27.5 ni 584. Sasa sikia hii: Black Mamba ya guka, ile kila mtu anaita saizi ya 28, inakalia 635. Yaani 28 ya guka ni kubwa kuliko 29 yako! Ukiuziwa tairi ya Mamba kwa sababu “28 na 29 zimekaribiana, itaingia tu,” itaingia kweli, lakini itakaa imelegea, na ukijaza upepo itachomoka kwa rimu. Huo mlipuko utaamsha ploti nzima.

Kuna upande mzuri wa hiyo hesabu pia. Tairi za 700C, zile za baiskeli za lami na changarawe, nazo ni 622. Kwa hivyo kama 29 yako ni ya kwenda chuo na kurudi, na hujawahi kuona tope tangu uinunue, tairi ya 700x45 inaweza kukaa kwa rimu hiyo hiyo, bora rimu yenyewe isiwe pana sana. Mwambie fundi apime. Utahisi kama umenunua baiskeli mpya, na fremu ni ile ile.

Sasa kampuni. Kitu ninachoona kikiuziwa vijana kama ndiyo mwisho wa mambo ni Maxxis Minion DHF. Tairi kali sana, sitaibishia. Ina meno marefu, mpira unaoshika, ubavu mgumu, na kwa upana wa 2.5 uzito wake unakaribia kilo moja kwa tairi moja. Lakini soma hizo herufi. Zinakuambia ni tairi ya mbele, ya kushuka mlima. Na bado utakutana na msee ameivaa nyuma, anaenda Westlands kununua smokie. Kila anapokanyaga anazungusha kilo isiyo na kazi, na ule mpira laini wa kushika mawe unaliwa na lami kama sabuni. Miezi michache meno ya katikati yameisha, ya pembeni bado mapya kabisa. Hela imeenda.

Upande mwingine kuna zile za meno mafupi yaliyokaribiana: Maxxis Ikon, Continental Race King, Vittoria Mezcal. Hizi zinakimbia. Zikiwa kwa vumbi kavu na changarawe ziko nyumbani, na kwa lami hazipigi kelele nyingi. Mezcal ina safu za meno yaliyoshikana hapo katikati, na watu wa safari ndefu wanaipenda kwa sababu haiishi haraka. Ukiwa unatoka lami ya Kiserian unaingia barabara za vumbi za kuelekea Magadi, hii ndiyo familia yako.

Halafu kuna ile ya katikati, na hapa ndipo kura yangu iko: tairi za aina ya Schwalbe Smart Sam. Katikati meno yameshikana karibu yawe mstari mmoja, pembeni yamesimama mbalimbali. Ukiwa wima kwa lami unakanyaga huo mstari. Ukilalia kona ya vumbi, meno ya pembeni yanaamka. Haishindi yoyote kwa mbio, haishindi yoyote kwa tope, na wataalamu wa mtandaoni wanaiona ya wazee. Lakini ndiyo inafanana na siku yetu ya kawaida: lami, matuta, njia ya mkato kando ya reli, murram ya mtaani, halafu raundi moja Karura wikendi.

Na usidhani lazima ununue jina la bei ya juu. CST na Maxxis zote ni za kampuni moja, Cheng Shin ya Taiwan. Sisemi ni tairi moja imebadilishwa nembo, hapana. Mpira tofauti, uzito tofauti. Nasema tu CST si takataka, hata kama muuzaji ataitaja huku amekunja uso. Kenda pia ni ya Taiwan na inatengeneza tairi za heshima. Ukiwa na bajeti ya kubana, Kenda mpya mbili ni afadhali kuliko Maxxis moja mpya na nyingine kipara.

Ile imani kwamba meno makubwa yanashika zaidi kila mahali ndiyo inaniudhi kuliko zote. Kwa lami iliyolowa ni kinyume kabisa. Lami ni ngumu, jino haliwezi kuichimba. Kile unachohitaji hapo ni mpira mwingi ugusane na barabara. Meno marefu yaliyoachana yanagusa kwa vidoti vidoti, na ukilala kwa kona yanapinda. Yanapinda, yanapinda, halafu ghafla yanaachilia. Hakuna onyo. Ongeza mafuta ya magari yaliyomwagika hapo raundabauti, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, uone kama hiyo tairi ya trekta itakuita jina.

Basi hayo meno ni ya wapi? Ni ya ardhi laini. Ukipanda na kushuka Ngong Hills wakati kumenyesha, ama unapenda njia za msitu zenye mizizi, hapo nakupigia saluti, weka meno. Lakini hata tope ni tofauti na tope. Udongo mwekundu wa Kiambu unateleza, na meno yaliyoachana yanausaidia utoke. Ule udongo mweusi wa Kitengela ni mnyama mwingine. Unanata, unajikusanya juu ya tairi, unabana kwa fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka kabisa. Hapo tairi pana ya 2.4 ndiyo inakumaliza haraka, kwa sababu imeshakula nafasi yote. Kabla ya kununua, angalia kama penseli inaweza kupita kati ya tairi na fremu, kila upande. Kama haiwezi, shuka hadi 2.25 ama 2.1, hata kama mbogi itakucheka.

Kitu kingine ambacho hatuambiani vya kutosha: tairi mbili si lazima zifanane. Ya nyuma ikiteleza, mara nyingi unaweza kuiokoa. Baiskeli inacheza kiuno kidogo, unatulia, unaendelea. Ya mbele ikiteleza uko chini kabla hujajua umeanguka. Kwa hivyo ile yenye kushika zaidi inakaa mbele, na ile inayokimbia inakaa nyuma, pale uzito wako mwingi uko na pale mnyororo unasukuma. Nyuma huisha kwanza. Ikiisha, usiweke tairi mpya nyuma ukaacha ya zamani mbele. Toa ya mbele uipeleke nyuma, mpya ikae mbele. Mafundi wengi watakufanyia kinyume kwa sababu ni haraka, si kwa ubaya. Mwambie tu kwa heshima, “Fundi, naomba hii mpya iende mbele.” Na uangalie mshale ulio ubavuni, uelekee vile gurudumu linazunguka.

Miiba sasa. Kama umewahi kuingia Hell’s Gate pale Naivasha na baiskeli, unajua kwamba pundamilia si tatizo. Tatizo ni miiba ya migunga. Na hata mtaani kuna mbigili, zile mbegu ndogo zenye pembe, zinakungoja kando ya njia kama karau wa mwisho wa mwezi. Meno marefu hayakuokoi hapo, mwiba unapita katikati yao. Kinachosaidia ni tairi yenye tabaka la kinga chini ya mpira, ama kuondoa tyubu kabisa na kuweka yale maji mazito yanayoziba tundu lenyewe. Mfumo wa bila tyubu ni mtamu lakini unataka rimu na tairi zilizoundwa kwa kazi hiyo, na hayo maji hukauka, lazima uongeze kila baada ya miezi kadhaa. Kama uko chuo na doo ni ya kuhesabu, baki na tyubu, beba moja ya ziada, viraka na pampu ndogo. Hakuna aibu hapo.

Upepo nao ni wa bure na ndio tunauharibu zaidi. Tunaenda kwa petroli, jamaa anajaza mpaka tairi inakuwa jiwe, tunamshukuru. Ile namba ya juu iliyoandikwa ubavuni ni mpaka, haijakuagiza ufike hapo. Mtu wa kilo 60 hadi 70 kwa tairi ya 2.25 yenye tyubu anaweza kuanza na psi 28 hadi 32 mbele na 30 hadi 35 nyuma, halafu arekebishe. Tairi jiwe kwa murram inaruka ruka, haishiki, na mikono inakufa ganzi. Ikiwa laini kupita kiasi, ukigonga shimo tyubu inabanwa kwa rimu na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo usilaumu mwiba, laumu upepo. Na ukweli ni kwamba tairi ya kawaida yenye upepo sawa itakupa raha kuliko Minion iliyojazwa kama ya lori.

Najua jibu la wengine: “Lakini nataka siku moja niende milima ya kweli.” Poa. Siku hiyo ikifika utanunua tairi moja ya mbele, dakika kumi za fundi, umemaliza. Lakini leo kuna msee anasambaza chakula kwa baiskeli kutoka asubuhi hadi usiku, kuna dem anatoka Umoja kwenda chuo tao kila siku ili aokoe fare. Hao wakiuziwa tairi nzito za meno marefu kwa sababu “ndiyo mountain bike inataka,” wanalipa mara mbili: kwa doo, halafu kwa miguu, kila kilomita. Wengine wanachoka, wanaona baiskeli ni ngumu, wanairudisha sokoni. Kumbe baiskeli haikuwa na shida.

Ukienda dukani, hasa kwa mtumba, kunja ubavu wa tairi na uangalie nyufa ndogo ndogo. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado mpira umekauka kwa jua la miaka. Bonyeza na ukucha. Ikiwa ngumu kama plastiki, rudisha, hata kama muuzaji anakuapia ni ya Ujerumani.

Na kama uko South B, una Minion nyuma na hujawahi kuona mlima, nitafute tubadilishane. Nakupa Smart Sam yangu ya akiba, iko fiti. Minion nitaiweka mbele niende nayo Ngong.