Tenga Nafasi Kabla ya Kuahidi

Wenzangu wengi darasani husema kwamba kutenga nafasi ya faili mapema ni kujichosha bure. Mimi napinga, na nina sababu.

Muhula uliopita niliandika programu ya kurekodi sauti. Kwa kutumia ftruncate niliipa faili ukubwa wa gigabaiti 2, nikadhani nimemaliza. Kumbe katika Linux hatua hiyo hubadilisha tu ukubwa unaotajwa. Diski yenyewe haijatoa nafasi yoyote. Siku niliyomrekodi bibi yangu akisimulia asili ya ukoo wetu, diski ilijaa. Simulizi ikakatika katikati, naye hakuwa na nguvu za kuanza upya.

Kama ningetumia posix_fallocate, ningekataliwa mapema, kabla bibi hajafungua kinywa. Na ingekubali, kanuni ya POSIX inadai kwamba data itakayoandikwa ndani ya eneo lililotengwa isikose nafasi.

Wapinzani hudai kuwa nafasi iliyotengwa hukaa bure. Basi, kazi ikiisha, ziada ikatwe kwa ftruncate hiyo hiyo. Hapo ndipo mahali pake. Wengine husema diski za leo ni kubwa. Hata kubwa hujaa.

Ahadi ni deni. Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu: msitupe alama kwa sababu tu programu imefanya kazi kwenye diski tupu. Tuulizeni itafanya nini diski ikijaa. Mimi sikuulizwa, wala sikujiuliza.