"PATACHIMBIKA": NENO LA KUTAZAMWA VIZURI



Ndugu zangu katika imani, neno "patachimbika" tunalijua sote. Simba na Yanga wakikaribia kukutana, tunasema Jumamosi patachimbika. Huo ni utani, hauna shida.

Picha yake ni ya ardhi: watu wanapambana mpaka udongo unatifuka chini ya miguu yao. Lakini tazama lugha ilivyo. Neno linataja mahali tu. Halisemi nani atachimba, wala nani atafukiwa. Anayelitamka anaahidi vita, na yeye mwenyewe hamo.

Ndiyo maana naona halifai kabisa kwenye migogoro ya ardhi, hasa huku Karatu na Ngorongoro. Agosti 2024 wafugaji wa Kimasai walijaa barabarani Ngorongoro, baada ya vijiji vyao kufutwa kwa tangazo la serikali na majina yao ya kupigia kura kupelekwa Msomera, Handeni. Sasa mtu yuko mbali na simu yake, anaandika "patachimbika" huku anasubiri video. Panapochimbika si kwake. Ni kwa mama mwenye ng'ombe wake wawili, na kwa muuza mboga wa Karatu anayekula kwa magari ya watalii yanayopanda kwenda geti la Lodoare.

Na kilichosaidia siku zile hakikuwa vitisho. Wananchi walitaja wanachodai, shauri likafika Mahakama Kuu Arusha, Waziri Lukuvi akaenda kuzungumza nao. Desemba, Rais Samia akakutana na viongozi wa Kimasai Arusha na kutangaza tume mbili.

Sisemi watu wanyamaze. Suratun Nisaa aya ya 148 imempa aliyedhulumiwa nafasi ya kusema wazi. Lakini kudai haki ni kitu kimoja, kutamani vita ni kingine. Katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitukataza kutamani kukutana na adui, akatufundisha kumwomba Allah salama. Na Suratul Hujurat aya ya 9 inaamrisha kupatanisha kwa uadilifu. Sulhu isiyo na haki ni kufunika kidonda kibichi.

Kwa hiyo kabla hujaandika "patachimbika", jiulize: atachimba nani, na atafukiwa nani? Kama jibu si wewe, futa. Andika haki inayodaiwa, au omba dua.

Allah atuhifadhie ndimi zetu na ardhi yetu. Aamin.