Maji ya Mtera na Chungu cha Maharage



Mwezi uliopita wifi yangu alinikuta nachemsha maharage kwenye chungu cha umeme. Akashika kichwa. "Wifi, umeme wa kuchemshia maharage unao? Mimi sithubutu!"

Sikumcheka. Mwaka 2006, wakati wa mgao, alikuwa akiuza barafu za ukwaju na samaki wa kwenye friji. Umeme ulikatwa mchana kutwa. Samaki wakaoza, na mtaji alioupata kwa zamu yake ya upatu ukaenda nao. Ada ya kifungua mimba wake ikachelewa muhula mzima. Mama aliyepitia hayo humwambii kirahisi kwamba umeme ni wa kutegemewa.

Wengi wetu tulidhani siku zile ni uzembe tu. Kumbe nchi ilikuwa imeweka mayai karibu yote kwenye kapu moja la mvua. Bwawa la Mtera ndilo ghala la maji ya kituo cha Kidatu, na maji hayo huletwa na mto Ruaha Mkuu. Mvua zikikosekana, bwawa linashuka, nasi tunatafuta vibatari. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1992 na 1994. Wala si mvua peke yake: kule Usangu maji mengi huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mchele nao tunaupenda, sivyo?

Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam, ikapunguza utegemezi huo. Gesi nayo hutoa hewa ya ukaa, ingawa kidogo kuliko dizeli. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Machi mwaka huo huo umeme ulizidi hata vituo vitano vya maji vikazimwa. Lakini Aprili mosi gridi ikaanguka, nchi nzima gizani! Basi kuwa na umeme mwingi ni jambo moja, na kuufikisha nyumbani kwako ni jingine. Tena Rufiji hupokea maji ya Ruaha ile ile, pamoja na Kilombero. Kapu limekuwa kubwa, lakini bado ni la mvua.

Hapa ndipo jiko letu linapoingia. Gunia la mkaa hutoka msituni, na mlima uliokatwa miti haushiki maji; udongo huteremka mtoni hadi bwawani. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Ila mimi nina neno moja. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Mama mwenye watoto watano akipikia umeme atavuka bila shaka. Huwezi kumwambia aache mkaa huku umemwekea kizingiti mlangoni.

Basi siku ile tulisoma mita kabla ya kuwasha chungu, tukaisoma tena maharage yalipoiva. Nusu kilo ilikula kama nusu uniti hivi. Wifi akanyamaza, akaonja, akauliza, "Na ukikatika katikati?"

Nikamwonyesha nyuma ya mlango. Jiko la mkaa lipo pale pale, na debe la mkaa pembeni. Sijalitupa.