Kolesteroli: tusingoje mashini ya labo

Kolesteroli haiumi. Haileti homa, haikohozeshi. Mtu analala mzima, asubuhi mkono na mdomo vimepooza, jamaa wanaanza kuulizana nani amemroga. Kumbe mafuta mabaya yalikuwa yanaziba mishipa ya damu tangu miaka mingi.

Mashariki ya Congo, kituo cha afya kinajulikana kwa malaria, chanjo, kuzalisha na kipindupindu. Misaada mingi inafuata njia hiyo hiyo, na tangu Marekani ikate yake mwanzoni mwa 2025, hata hiyo imepunguka. Kupima kolesteroli kunaomba labo, na mgonjwa analipa mwenyewe. Mtu anayehesabu franga za unga hawezi kulipia ugonjwa asiousikia.

Lakini kukosa labo si sababu ya kukaa bure. Mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa jedwali za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Kuna ile isiyoomba damu: inaomba umri, mwanaume ao mwanamke, tumbaku, tensio, na kilo zikilinganishwa na urefu. Yaani mashini ya tensio, mizani na mita ya fundi cherehani. Muuguzi wa kijiji anaiweza kazi hiyo. Na RECO, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba juu ya chanjo, wanaweza kumtumia watu.

Chakula nacho kina neno lake. Mawese hayana kolesteroli, ila karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoipandisha katika damu. Si kusema watu waache sombe. Ni kupunguza mawese ndani ya chungu, kukaanga mara chache, kuongeza maharagi na lengalenga. Chumvi, yenye kupandisha tensio, isizidi gramu 5 kwa siku: kijiko kimoja kidogo.

Penye ugumu ni dawa. Statini ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu 2007, lakini zinamezwa kila siku, miaka na miaka. Mtu akikimbia vita na kuacha karatasi yake ya kituo, dawa inakatika, hatari inarudi.

Kwa hiyo swali kwa wakubwa wa zoni za afya si la mashini ya bei kali. Ni hili: nani anaandika jina la mgonjwa kwenye rejista, nani anamfuata asipokuja, na dawa yake ya mwezi ujao iko wapi?