Si kila tumbo lina vidonda!

Jamani wadau, hapa Songea ukisema tumbo linasokota, jibu liko tayari: vidonda vya tumbo, au taifodi. Mimi nimemeza dawa za vyote viwili, na tumbo likaendelea kunguruma kama kawaida.

Kuna ugonjwa madaktari wanauita IBS. Utumbo hauna kidonda, ila kazi yake imevurugika: maumivu yanayoendana na choo, mara unaharisha, mara choo kigumu. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016 vinataka maumivu angalau siku 1 kwa wiki, kwa miezi 3. Hauui, si kansa. Unatulizwa tu, hauna dawa ya kuumaliza.

Sasa utafute mtandaoni kwa Kiswahili. Mimi nilikutana na chupa za unga wa majani na namba ya simu: "tiba ya kudumu"! Kwa Kiingereza, huduma ya afya ya Uingereza inaeleza bure. Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kinataja vyakula vinavyoweza kuchokoza tumbo: maharage, vitunguu, ngano. Ugali wa mahindi kwa kawaida hauna neno. Hilo nalo mpaka ujue Kiingereza?

Madaktari wetu, mnaandikiana kwa Kiingereza kwenye majarida, sisi mnatuachia wauza chupa. Andikeni kwa Kiswahili!

Nawe mdau, ukiahidiwa kupona kwa siku 7, funga ukurasa. Ukiona damu kwenye choo, au unakonda bila sababu, achana na intaneti, nenda hospitali.

Nawasilisha.